Salama, Ila: Mjadala wa Kupima Hisia kwa Dodoso

Mtu akiulizwa "hujambo?", lugha imekwisha kumwekea jibu mdomoni. "Sijambo" maana yake sina jambo. Hajasema ana furaha. Amekana tu kuwa na tatizo. Akiulizwa habari za nyumbani atasema njema, za watoto salama, za kazi nzuri. Salamu zikishatimia ndipo anapotua mzigo: "Ila mdogo wangu tumemzika juzi." Aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba kabla ya "ila" hapakuwa na uongo. Palikuwa na adabu, na habari yenyewe ilikuwa inasubiri zamu yake.

Neno hilo dogo lilitukalisha barazani Tanga mchana mzima, watu wanne na karatasi moja. Karatasi ni dodoso liitwalo PANAS, lililotolewa Marekani mwaka 1988 na David Watson, Lee Anna Clark na Auke Tellegen. Lina maneno 20 ya hisia, kumi chanya na kumi hasi. Mhojiwa anaambiwa ajipe alama kwa kila neno, kuanzia 1 kwa hisia ambayo haipo au ipo kwa mbali sana, hadi 5 kwa ile iliyomjaa. Ni miongoni mwa vipimo vya hisia vilivyotumiwa zaidi duniani, na sasa kilikuwa kinatakiwa kizungumze Kiswahili.

Waliokuwepo nawaita kwa kazi zao. Mtafiti ni kijana anayesomea shahada ya uzamivu katika saikolojia. Mwalimu alifundisha Kiswahili hadi akastaafu, na ndiye aliyepewa kazi ya kufasiri. Sista ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Mimi nilikuwa wa kuandika yanayosemwa, na kunyamaza kulinishinda.

MTAFITI: Nianze na kilichonivuta mimi, Mwalimu. Wengi hudhani furaha na huzuni ni pembea: huku ikipanda, kule inashuka. Watson na wenzake hawakuona hivyo. Alama za hisia chanya na za hisia hasi zilipingana kidogo mno. Kwenye pembea kamili uhusiano wa kinyume ungekuwa 1; wao walipata kati ya 0.12 na 0.23. Ndiyo maana dodoso linatoa jumla mbili, kila moja kati ya 10 na 50. Mtu anaweza kuwa na 40 huku na 40 kule, siku hiyohiyo.

MWALIMU: Kwa hilo mwanangu hukuhitaji kwenda mbali. Mama anayeoza binti hupiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Lakini hebu niulize. Hayo maneno 20 yalipatikanaje?

MTAFITI: Walianza na maneno 60. Wakabakiza yale yaliyokuwa ya upande mmoja kwelikweli, yasiyogusa upande wa pili.

MWALIMU: Basi mmechuja maneno yasiyogusana, kisha mnatangaza kwamba hisia hazigusani.

MTAFITI: Wapo wataalamu waliosema hivyohivyo, na mjadala huo umeendelea kwa miaka. Ukibadilisha maneno, au ukibadilisha kama unauliza "sasa hivi" au "kwa mwezi mzima", uhusiano nao unabadilika. Siwezi kukataa. Lakini jumla mbili zina kazi ambayo jumla moja haiiwezi. Mwaka 1991 Clark na Watson walieleza kwamba wasiwasi na sonona vyote vinakuja na hisia hasi nyingi, kwa hiyo ukihesabu machungu peke yake huwezi kuvitenganisha. Kinachoitambulisha sonona ni upande wa pili kukauka: hamu, ari, kuvutiwa na mambo.

SISTA: Hapo nipo na wewe, kaka. Wanakuja kina mama wawili, wote hawalali, wote wanalia. Mmoja analia huku anamtengenezea mwanawe kola ya shati, na kabla hajatoka ananiuliza kitenge changu nimenunua wapi. Mwingine hasemi baya wala jema. Mtoto akicheka mgongoni hageuki. Ukihesabu machozi wako sawa. Lakini huyu wa pili ndiye ninayerudi naye nyumbani kichwani. Kama karatasi inaweza kunionyesha tofauti yao kabla sijachoka na foleni, mimi naitaka karatasi.

Naandika maneno ya Sista yote kwa sababu wengi wetu tunaopenda lugha huwa wepesi wa kudharau namba. Tunasema moyo haupimwi. Kauli hiyo ni rahisi kwa mtu asiye na foleni ya wagonjwa mlangoni. Homa ilipopatiwa kipimajoto, mama hakulazimika tena kubishana na mtu kwamba mwanawe anaungua. Huzuni isiyo na kipimo haiingii kwenye daftari la zahanati, na isiyoingia daftarini hailetewi dawa wala mtu wa kuisikiliza. Nataka kipimo kiwepo. Ndiyo sababu nilichukia kila neno baya tulilolikuta humo.

Na maneno yenyewe yalitutoa jasho.

MWALIMU: Tuchukue hili la kujihisi mkosaji. Rasimu imeandika "hatia". Hatia ni ya mahakamani. Mtu hukutwa na hatia, akafungwa. Ukimuuliza bibi wa Pangani, "Wiki hii ulihisi hatia kiasi gani?" atauliza kwani nani amemshitaki.

MTAFITI: Lakini tulifanya tafsiri rejeshi. Mtu wa kwanza aliyatia Kiswahili, wa pili, ambaye hakuiona asilia, akayarudisha Kiingereza. "Hatia" ilirudi palepale ilipotoka, bila kasoro.

MWALIMU: Ilirudi kwa sababu wote wawili wamesoma kamusi moja! Hukupima kama bibi wa Pangani ameelewa. Umepima kama wasomi wawili wanakubaliana. Yeye husema "nafsi inanisuta". Hayo ndiyo maneno anayolia nayo usiku.

MTAFITI: Ni maneno mawili, Mwalimu, na asilia ni neno moja.

MWALIMU: Sasa tunahesabu maneno au tunapima nafsi?

Niliwahi kusikia habari za tafsiri rejeshi zikisifiwa kana kwamba ni mhuri wa ubora. Richard Brislin aliifafanua mwaka 1970 na imesaidia kunasa makosa mengi ya wazi. Lakini swali la Mwalimu halina jibu ndani ya utaratibu huo. Neno linaweza kwenda na kurudi salama kati ya lugha mbili bila kupita kwenye moyo wa mtu yeyote.

Tukaendelea. "Kujivunia" ni hisia njema: najivunia mwanangu aliyefaulu. Ondoa herufi moja ubaki na "kujivuna", umegeuka mtu wa majigambo. Karani mwenye haraka akilisoma neno hilo vibaya, mhojiwa atajipa 1 ili asionekane mwenye kiburi, na alama yake ya hisia chanya itashuka kwa sababu ya adabu yake. "Kusisimka" nako kuna utata. Rasimu ililiweka upande wa chanya, na ni kweli ukiiona timu yako inafunga bao unasisimka. Lakini mwili husisimka pia ukipita makaburini usiku. Neno moja, pande zote mbili. "Mwenye nguvu" mgonjwa wa malaria atalijibu kwa magoti yake. Na Kiingereza kina maneno mawili kwenye orodha hii ambayo yote sisi tunayaita hofu. Rasimu ilikuwa imeandika "hofu" kwenye mstari mmoja na "woga" kwenye mwingine, na Sista akacheka kwa uchovu, kwani anajua mgonjwa atamuuliza kwa nini anaulizwa jambo moja mara mbili kama vile hakuaminiwa.

MTAFITI: Kuna toleo fupi, la mwaka 2007, la Edmund Thompson. Alibakiza maneno kumi tu, kwa kuyajaribu kwa watu wa mataifa mengi, na akayaacha yenye utata kama hilo la kusisimka.

MWALIMU: Hao walijibu kwa Kiingereza?

MTAFITI: Kwa Kiingereza.

MWALIMU: Basi bado hajafika Pangani.

Ikafika saa ya chai, na kwenye chai ndipo Mwalimu alipotoa hoja ambayo tangu siku ile sijaweza kuiweka chini. Alisoma maneno kumi ya hisia chanya kwa sauti, taratibu, mara mbili. Kuvutiwa. Kusisimka. Nguvu. Shauku. Kujivunia. Kuwa macho. Kupata msukumo. Kudhamiria. Makini. Kuchangamka. Kisha akauliza: utulivu uko wapi?

MTAFITI: Haumo.

MWALIMU: Raha haimo. Amani haimo. Kuridhika hakumo. Hata furaha yenyewe haimo! Yule mzee pale chini ya mwarobaini amemaliza kuswali, amekunywa kahawa, ameegemea ukuta, hana deni na hana ugomvi na mtu. Mpe karatasi yako. Amesisimka? Hapana. Amedhamiria nini? Hana anachodhamiria, amekwisha kufika. Atapata 15 katika 50. Utamwandika mgonjwa?

MTAFITI: Upande wa hisia hasi naye atapata 10, na hapo nitajua si mgonjwa.

MWALIMU: Utajua hana ubaya. Hutajua kwamba ana raha.

MTAFITI: Naomba niwatetee kidogo. Mwaka 1980 James Russell alizichora hisia kwenye duara. Mhimili mmoja unatoka kwenye karaha kwenda kwenye raha, wa pili unatoka kwenye kutulia kwenda kwenye kuchangamka. Mzee wako yuko kwenye robo ya raha na utulivu. PANAS inapima robo nyingine, ile ya raha yenye kuchangamka. Watson na wenzake walilikiri hilo. Mwaka 1999 walipendekeza wenyewe upande huo uitwe uamsho chanya, jina linaloeleza vizuri zaidi kilichomo. Na toleo refu la mwaka 1994, la maneno 60, lina kifungu cha utulivu.

MWALIMU: Chenye maneno mangapi?

MTAFITI: Matatu.

MWALIMU: Matatu katika 60. Kwetu mtu akikuombea mema hakuombei msisimko. Anakuombea salama na roho itulie.

Hili si suala la pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Jeanne Tsai wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba hisia ambazo watu wanatamani kuwa nazo zinatofautiana kwa utamaduni: Wamarekani wenye asili ya Ulaya walithamini msisimko zaidi kuliko Wachina wa Hong Kong, ambao waliuweka utulivu juu. Orodha ya hisia njema ina ndani yake wazo la maisha mema, na aliyeitunga hulazimika kuchagua, hata asipojua kwamba anachagua. Nikikubali orodha ile bila kuihoji, namkubalia mgeni aniambie kwamba babu yangu, aliyeketi ukutani kama mzee yule, alikuwa na upungufu.

Sista hakuvutiwa sana na babu yangu.

SISTA: Ninyi mnazungumza maneno. Mimi nina tatizo la namba. Mwambie mtu achague kati ya "sana" na "sana sana". Kina mama wangu wana "hapana", "kidogo" na "sana". Ukileta ngazi tano, ile ya nne na ya tano wanabahatisha. Mimi huchukua glasi nikaziweka mezani: tupu, ya robo, nusu, inayokaribia kujaa, na iliyojaa pomoni. "Hofu yako ni glasi ipi?" Hapo wanaonyesha kwa kidole, na mkono hauna haya kama mdomo.

MTAFITI: Hilo naliandika.

SISTA: Andika na hili. Lile dodoso la sonona lenye maswali tisa, PHQ-9, tunalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina 0 hadi 3, jumla 27, na mtu akifika 10 unamfuatilia zaidi. Mtu anakumbukaje wiki mbili? Nikimuuliza Jumatatu baada ya mumewe kurudi na mshahara, na nikimuuliza Ijumaa hela zimekwisha, ananipa wiki mbili tofauti.

Ana haki, na wenye sayansi wanalijua. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman waliandika kuhusu wagonjwa waliotaja maumivu yao kila dakika wakati wakichunguzwa utumbo mpana. Uchunguzi uliwachukua wengine dakika 4 na wengine zaidi ya saa nzima. Baadaye, walipoulizwa kwa jumla ilikuwaje, jibu lao halikufuata muda waliougulia. Lilifuata kilele cha maumivu na zile dakika za mwisho. Kumbukumbu inashika kilele na mwisho, katikati hupotea. Kwa hiyo dodoso la "wiki mbili zilizopita" linapima hadithi ambayo mtu amejitungia kuhusu wiki hizo. Hadithi hiyo ni kitu cha kweli na ina uzito wake, maana ndiyo anayoishi nayo. Lakini tuiite kwa jina lake.

SISTA: Na swali la tisa, la kufikiria kwamba ni heri ufe. Sijawahi kuliuliza nikiwa nimesimama. Naketi, naweka kalamu chini. Maana akisema ndiyo, siwezi kuandika namba nikaita "anayefuata". Watu wa dodoso wakija na makarani wa siku tatu, nawauliza hivi: akisema ndiyo, mtampeleka wapi?

Hapo Mtafiti hakujibu haraka. Alikunja kona ya karatasi, akaikunjua.

MTAFITI: Mwalimu, umeniambia kila kilichoharibika. Wewe ungefanyaje?

MWALIMU: Ningeanza mwisho. Ningekaa na watu kwanza, niwaulize mtu aliyezidiwa moyoni husemaje, na watu wengine humtambuaje. Halafu niandike maswali kwa maneno hayohayo.

MTAFITI: Harare walifanya hivyo. Vikram Patel na wenzake walitoa mwaka 1997 dodoso la Kishona lenye maswali 14 ya ndiyo au hapana, lililotoka kwa wagonjwa wenyewe na waliokuwa wakiwatibu. Kwa Kishona kuna neno "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi. Dodoso linaanza hapo, kwenye mawazo yaliyozidi.

MWALIMU: "Nina mawazo"! Si ndilo neno letu? Mtu wa kwetu hasemi ana sonona. Husema ana mawazo, moyo mzito, roho haitulii. Katika maneno yako 20, "mawazo" yako wapi?

MTAFITI: Hayamo. Ila dodoso lile la Harare ndilo wanalolitumia wale kina bibi wa benchi la urafiki, walioanzishiwa kazi hiyo na Dixon Chibanda. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, anauliza maswali 14, kisha wanazungumza tatizo moja na njia ya kulitatua. Walijaribu kwa watu 573 katika zahanati 24, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hata kwetu, Sylvia Kaaya na wenzake wa Dar es Salaam walitoa mwaka 2008 kipimo cha maswali 19 kilichoundwa hapahapa.

SISTA: Kwa hiyo kazi ilishafanyika, na sisi bado tunafasiri kusisimka?

MTAFITI: Kwa sababu nikitumia kipimo cha hapa peke yake, siwezi kulinganisha Tanga na Jakarta wala Lima. Jarida litaniuliza kwa nini sikutumia kinachojulikana.

Niliuliza, na hapa niliacha kabisa kuwa mwandishi wa kumbukumbu: mama wa Pangani atafaidika nini kwa kulinganishwa na Lima ikiwa swali alilojibu silo lililoulizwa Lima? Namba mbili zilizotoka kwenye maswali mawili haziwi ndugu kwa kuandikwa kwenye jedwali moja. Na hilo linaweza kupimwa. Wataalamu wa takwimu wana njia za kuchunguza kama swali linafanya kazi sawa kwa makundi mawili kabla ya kulinganisha wastani wao. Mtafiti alikubali kwamba njia hizo zipo, na kwamba mara nyingi hatua hiyo inarukwa kwa sababu ya haraka.

Akabaki na hoja moja ambayo sikuweza kumwondoa nayo. Alisema tukikataa kila kipimo cha nje hadi tupate chetu kilichokamilika, kina mama wa Sista watasubiri miaka mingine kumi. Sista aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alinyamaza, na kwa mtu kama yeye kunyamaza ni jibu.

Basi tukashika kazi. "Hatia" ikatoka, ikaingia "nafsi kunisuta". "Kusisimka" likafutwa, likawekwa "kuwa na hamu ya jambo". Tukaongeza mistari mitatu chini ya orodha, itakayohesabiwa peke yake ili alama za asilia zisivurugike: roho kutulia, kuridhika, na kuwa na mawazo mengi. Glasi tano za Sista zikachorwa pembeni. Na juu ya ukurasa, kabla ya swali la kwanza, Mwalimu akadai iandikwe kwamba karani asalimu kwanza, salamu zote, asubiri, na asishike kalamu mpaka salamu ziishe. Mtafiti alisema hiyo ni dakika tatu kwa kila mtu, na wahojiwa ni mamia. Mwalimu akamwambia hizo dakika tatu ndizo zitakazomletea "ila".

Tulishindwana kwenye neno moja. Orodha inataja aibu miongoni mwa hisia hasi. Mwalimu alisema msichana wa pwani akiambiwa ana haya anasifiwa, na kwa wengi haya na aibu zinaishi nyumba moja. Anayejipa 5 huenda anajisifu malezi. Mtafiti alitaka neno libaki, kwani bila hilo upande mmoja una maneno tisa na hesabu yote inapinda. Sista alitaka kwenda nyumbani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi na kesho yake ilikuwa siku ya chanjo.

Karatasi iliondoka na maneno yote mawili, aibu mstari wa juu, haya mstari wa chini, na nafasi tupu pembeni ambapo Sista ataandika, kwa wanawake watano wa kwanza, kila mmoja amelielewaje.